Nzi Kando ya Moto wa Kunda

Uligeuza shingo. Usikatae, nilikuona. Ulipita mbele ya ua wetu hapa Kampemba, ukaona pazia limeshushwa mchana kutwa, ukakumbuka kwamba Constance amejifungua na hakuna aliyepiga vigelegele, kisha ukatoa simu na kuitazama. Ilikuwa imezima. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu wiki iliyotangulia. Ulikitazama kioo cheusi ili usitutazame sisi.

Basi sasa utasikiliza. Mimi ni Ruben, mjomba wa Constance. Mama yake alikuwa dada yangu. Alipofariki, Constance na mdogo wake Gracia walilelewa na mama yangu, bibi yao, ambaye sote tunamwita Nkambo Lombe, katika nyumba hiyohiyo unayoikwepa. Shule niliiacha mapema. Vitabu nilivinunua chini, kwenye vumbi la soko, na nilivisoma vyote, hata vile vilivyokuwa vimepoteza kurasa za mwanzo. Sisahau, na wengi wenu hamnipendi kwa sababu hiyo.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma. Mwili mzima, pumzi nzuri, sauti ya kuamsha majirani. Mkunga aliangalia pale ambapo wakunga huangalia kwanza ili watangaze, akaangalia tena, akamfunika. Hakutangaza. Alichokiona kilikuwa kidogo mno kumwita mvulana na kikubwa mno kumwita msichana. Hospitalini walimpima damu na chumvi ya mwili, maana wapo watoto wa namna hii ambao chumvi huwatoroka, nao hufa upesi wasipopewa dawa. Hilo lilistahili haraka, na lilifanywa. Mtoto alikuwa salama. Ananyonya, anakojoa, analala.

Hapo ndipo daktari mmoja wa kliniki ya binafsi aliposema kwamba wanaweza kumkata kidogo, wakamshona, akawa msichana, kwa kuwa kutengeneza msichana ni rahisi kuliko kutengeneza mvulana. Alisema hivyo, rahisi, kama fundi seremala anayechagua ubao. Baba wa mtoto, Alexis, alitazama sakafu. Lakini kaka yake mkubwa, Constantin, alisema basi na ifanywe kabla ya ubatizo, ili padri asiulize mengi na watu wasiseme mengi.

Constance hakusema ndiyo wala hapana. Alirudi nyumbani na mtoto wake, akashusha pazia. Jambo lenyewe ndilo hilo, wala si kubwa kuliko hilo: mtoto mzima atakatwa kabla hajajua kusema, au atangojewa?

Aliyeingia chumba kile alisahau saa. Mwanga ulipenya kwenye kitambaa cha pazia ukawa rangi ya chai ya maziwa. Moshi mwembamba ulipanda, ukajikunja, ukatoka kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo, na katikati ya chumba ilikaa mbabula, lile jiko letu la makaa, ikipumua nyekundu na kijivu. Kwetu moto wa mtoto mchanga haugawanywi. Unakaa naye mpaka bibi aseme umetosha. Hakuna kaa linalotoka kwenda kuwasha jiko la mwingine, kwa maana nguvu ya mtoto ingetoka nalo. Kitovu kilipoanguka, Nkambo Lombe alimwinua mtoto mpaka usawa wa uso wake, wakatazamana kwa muda mrefu, wawili wale wasio na meno, halafu akasema, "Kunda amerudi." Kunda alikuwa kaka yake, aliyefariki zamani, mtu aliyecheka taratibu na kupenda samaki wa Kasenga. Nkambo hakuuliza mwili. Tangu siku ile alimwita mtoto kaka, na sote tukamwita Kunda.

Ndani ya chumba hicho, alasiri moja, akaingia Gracia amebeba sanduku la chupa kifuani kama mtu anayebeba mayai. Gracia anasoma biolojia chuoni. Maabara yao ilikuwa haina umeme, na mashine inayowatunzia wadudu joto lao ilikuwa imekufa.

"Nkambo, unipatie makala mbili tu ya moto, nipeleke ku chumba ya pili. Bintu byangu biko nasikia baridi."

"Bintu gani?"

"Nzi."

Nkambo alimtazama. "Tulikutuma ku iniversite, weye unaturudishia nzi."

"Haiko nzi ya choo, Nkambo. Ni ile ndogo ndogo ya ku ndizi."

"Hata ku ndizi yangu iko. Na sikusomea."

Constance, kitandani, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na sote tulijifanya hatukusikia ili asije akaacha.

"Makala ya hapa haitoke," Nkambo akasema. "Kama nzi yako inasikia baridi, ikuye hapa ku moto, sawa mugeni. Lakini isilie."

Gracia akazipanga. Chupa nyingine dirishani, penye baridi, nyingine kwenye rafu ya katikati. Alimwomba bibi asizisogeze, maana nzi hawa walitakiwa kulelewa katika ubaridi wa kadiri, si ule wa nje unaoua, wala si joto la karibu na moto. Nkambo aliitika. Gracia alipoondoka kwenda chuoni, bibi alizitazama zile za rafuni, akaona vijidudu vyeupe, watoto wa nzi, vinapanda kioo polepole, akavionea huruma. Watoto ni watoto. Akachukua nusu ya chupa akaziweka chini, karibu na mbabula, upande wa kichwa cha Kunda.

Siku zikapita pasipo mtu wa kuzihesabu. Nilikuwa nikija mchana nakaa kwenye kigoda, na harufu ya maziwa, ya hamira na ya ndizi iliyoiva kupita kiasi ilinilegeza viungo. Vijidudu vilipanda kioo, vikanata, vikawa vifuko vya kahawia, vikatulia. Mtoto naye alikuwa amefungwa hivyohivyo, katika kitambaa cha kahawia, ametulia. Nikisinzia sikujua tena nani yuko ndani ya kifuko na nani yuko ndani ya chumba, na mimi mwenyewe niko ndani ya nini.

Gracia alinieleza mambo yake kwa sauti ya chini, na mimi nikayatafsiri katika mambo ya baba yangu. Baba alifanya kazi relini. Yeye ndiye aliyekuwa akivuta mkono wa chuma ili treni iache reli moja na kuingia nyingine. Gracia alisema ndani ya nzi kuna watu wa namna hiyo, jeni, wamesimama mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anaona idadi ya kromosomu X katika yai. Zikiwa mbili, anampa ishara wa pili, wa pili na msaidizi wake wanampa wa mwisho, na huyo wa mwisho anaelekeza mwili wote: reli ya jike au reli ya dume. Mmoja akibadilika, ujumbe unafika umeharibika au haufiki kabisa. Yupo ambaye akibadilika, mwili hushika reli zote mbili kwa pamoja. Yupo mwingine ambaye akibadilika, mwili unabaki dume kamili lakini dume huyo humwimbia dume mwenzake kwa bawa moja, na wengine hufuatana nyuma yake kwa mstari, wakizunguka kioo kama watu kwenye ngoma.

"Na wa kwako beko na nini?" nikauliza.

"Yule musaidizi, mujomba. Wa kwangu ni muvivu. Kwa baridi anatumika vizuri. Kwa joto analala."

Nilifumba macho nikamwona, kibanda chake cha bati, jua la mwezi wa kumi, kofia usoni, na treni inapita.

Nikamwona pia Mwenya. Nitakuambia habari za Mwenya kwa sababu wewe uliyezaliwa kambini kwetu, kambi ya watu wa reli, unamkumbuka, na unajifanya humkumbuki. Tulikuwa darasa moja. Alizaliwa kama Kunda, na alipokuwa mdogo sana walimpeleka hospitali wakamkata, wakamvalisha gauni, wakafunga mdomo. Miaka ikaenda, sauti ikazama, mabega yakapanuka, mwili ukafuata njia yake kana kwamba hakuna aliyewahi kuuonyesha kisu. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa akasema tumtazame. Tulipotoka nje, wakubwa walioliona jambo hilo dirishani walikuwa wanaongea kuhusu mvua. Hakukuwa na mvua. Ilikuwa mwezi wa saba. Mwenya akaenda zake Kasenga, akauza samaki, akajifunza kuziba mitumbwi, na nilipomkuta huko tumeshaota mvi alikuwa ameketi na miguu ndani ya maji ya Luapula, akaniambia bila hasira, "Baliniuliza jina. Baliniuliza darasa, paroasi ya kusalia, kabila. Hii tu ya mwili wangu njo hakuna mwenye aliniuliza." Na mto ukaendelea kupita, na ng'ambo, upande wa Zambia, mtu alikuwa anafua shati jeupe. Bado ninaliona shati lile.

Nzi wa kando ya moto walitoka kwanza, maana joto huwaharakisha. Gracia aliporudi akakuta chupa zimesogezwa, akakaa sakafuni, akashika kichwa.

"Nkambo, ulifanya nini?"

"Zilikuwa zinatetemeka."

"Nzi haitetemeke, Nkambo."

"Yako. Yangu zilitetemeka."

Gracia alikuwa amewachagua wazazi wao ili kila aliyerithi X mbili, yaani kila binti, atoke na macho mekundu, na kila mwana atoke na macho meupe. Akawalaza usingizi kwa ubaridi, akawamwaga juu ya karatasi, akainama na kioo cha kukuzia. Mabinti wa kando ya moto, wenye macho mekundu kama makaa yenyewe, walikuwa na ncha nyeusi ya tumbo ya madume. Miguu yao ya mbele ilikuwa na kile kichana kidogo cha nywele nyeusi ambacho ni cha madume peke yao. Wale waliobaki rafuni walikuwa katikati, wana hiki na wana kile. Wa dirishani walikuwa bado wamelala ndani ya vifuko. Walipotoka, baadaye sana, walikuwa majike ya kawaida. Baba mmoja, mama mmoja, mbegu ileile iliyobadilika. Kilichowatenganisha ni mikono ya bibi mwenye huruma.

"Bale ba moto habatazaa," Gracia alisema. Kisha akaniachia kioo. "Lakini angalia."

Niliangalia. Mmoja wa mabinti wale alikuwa amezinduka. Alitandaza bawa moja, akalitetemesha, akamzunguka mwenzake. Gracia akaniambia kwamba huko ndiko kuimba, na kwamba sikio la mtu haliwezi kuusikia wimbo ule. Chumba kilikuwa kimya. Kunda alikuwa macho, anatazama moshi.

Constantin alikuja Jumapili baada ya misa, akiwa ameshapanga na daktari mtoto akatwe Jumamosi, viatu vinang'aa, na Alexis nyuma yake kama mtu aliyesahau alichofuata. Watu wa Constantin walitoka kaskazini ya Katanga zamani, kwa kazi ya reli kama baba yangu, na mpaka leo yeye hutembea kama anayekagua mabehewa.

"Hii njo nini?"

"Nzi, papa Constantin," Gracia akasema. "Za masomo."

"Nzi. Ndani ya chumba ya mutoto." Akamgeukia mdogo wake. "Unaona? Nilikuambia kuko kintu ndani ya hii nyumba. Njo hizi zilimuharibu."

"Zilikuya nyuma, mutoto ameisha kuzaliwa," Nkambo akasema. "Ama nzi za kwenu zinatembea kinyumenyume?"

Alexis alitabasamu, akajizuia. Gracia, maskini, akafanya kosa la watu waaminifu: akaeleza. Alimpa Constantin kioo, akamwonyesha macho mekundu, vichana, moto, dirisha. Constantin aliinama akatazama kwa muda mrefu, na nikaanza kutumaini. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Kwa hiyo moto njo ilifanya."

"Kwa hii nzi, ndiyo. Moto pamoja na ile mbegu yenye ilibadilika."

"Basi tunajua." Alimwonyesha Constance kwa kidevu. "Alikuwa ku mbabula na tumbo yake, asubuhi mpaka mangaribi. Mikate, mikate. Bantu bote balimuona. Njo yeye alimupika mutoto."

Umewahi kuona mtu akipewa mzigo ambao alikuwa ameshautandikia kichwa? Constance hakubisha. Ni kweli alikaanga mikate barabarani mpaka wiki ya mwisho, tumbo karibu na makaa. Aliketi kitandani, akamvuta Kunda, akasema polepole, kama mtu aliyejua siku zote, "Niliyua. Kila siku nilikuwa nasikia joto pa tumbo. Niliyua."

Tumemtafuta mwanamke wa kulaumu tangu zamani, na ona sasa, tumefika mpaka kwa nzi kumtafuta. Nilifungua mdomo, lakini Gracia alikuwa ameshapiga magoti mbele ya dada yake, yaya wake, kama tunavyomwita kila ndugu mkubwa.

"Yaya, unisikie. Nzi haina joto yake. Hewa ikiwa baridi, nayo baridi. Hewa ikiwa moto, nayo moto. Weye tumbo yako inajilinda joto, mbabula ama hapana. Mutoto ndani hakuyua hata kama uko nauza mikate."

"Alikuwa napiga teke."

"Kwa sababu alikuwa na njaa. Na kwa bantu ile njia haiko sawa na ya nzi. Iko ingine, na ndefu. Hata ku hospitali habaiyue yote. Lakini haiko moto, Yaya. Na haiko weye."

Kaa moja lilivunjika. Constance alinyoosha mkono, si kwa Gracia, kwa kioo.

"Ile ya katikati. Nionyeshe."

Gracia akamwekea nzi mmoja wa rafuni juu ya karatasi. Constance aliinama na mtoto mapajani, na mvuke wa pumzi yake ukaja na kwenda juu ya kioo.

"Hii ilikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Yenyewe haiwezi tu kuzaa."

"Ilikuwa nakula?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa natembea na ingine?"

"Ndiyo, Yaya."

"Ilikuwa naomba kintu?"

Gracia alitutazama sote. "Hapana," akasema mwishowe. "Haikuomba kintu."

"Kunda haiko nzi," Constance akasema. "Siku moja Kunda ataweza kuomba. Nitamungoja." Akairudisha karatasi kwa uangalifu, ili yule mdudu asianguke. "Siku ataniambia yeye ni nani, nitasikia. Sasa anyonye kwanza."

"Na bantu batasema nini?" Constantin akauliza. Aliuliza kweli, bila dhihaka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. "Ku paroasi. Ku masomo. Ku ndoa. Shemeji, bantu batasema nini?"

Nikasimama. Nilimwambia kwamba kwetu mtoto wa binti wa dada hachukuliwi bila neno la mjomba, na neno langu ni hapana.

"Hiyo ni ya kwenu, ya ku Luapula," akajibu. "Shiye ba nord, ba kaskazini, mutoto ni wa baba."

"Vizuri. Tumuulize baba."

Wote tukamgeukia Alexis. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, mikono juu ya joto, na nadhani alikuwa mbali, mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitu. Constance akamwekea mtoto mikononi. Alimpokea vibaya, kama watu wanaopokea sahani ya moto, halafu vizuri zaidi.

"Yaya," alimwambia kaka yake bila kuinua uso, "siyue. Lakini Jumamosi mi siko tayari."

"Hautakuwa tayari hata siku moja. Mi nitakuya na motokari. Daktari ameisha kukubali." Na viatu vinavyong'aa vikatoka nje, vikanyata kati ya mashimo ya maji machafu.

Jumamosi ni kesho. Constance ameshasema. Alexis amebaki nusu, na mtu aliyebaki nusu husukumwa na yeyote atakayekuja na wingi. Constantin atakuja na ndugu zake. Mimi nina mama mzee, wasichana wawili na mdomo wangu.

Sasa wewe. Usiniambie kwamba ni mambo ya familia. Constantin hamchukii mtoto yule, anawaogopa watu. Watu watasema nini, ndivyo alivyouliza, na hao watu si wengine, ni wewe. Ni wewe wa paroasi, wewe wa foleni ya bombani, wewe uliyesimama kuongea kuhusu mvua wakati Mwenya anatazamwa. Kisu kinakwenda kufanya kazi kwa jina lako, na wewe hujafungua kinywa.

Basi sema. Chukua kiti chako, uje asubuhi kabla ya motokari, uketi uani kwetu ambapo Constantin ataona uso wako. Akikuuliza umefuata nini, mjibu kwamba umekuja kumsalimu Kunda, na kwamba Kunda atangojewa. Sema kwa sauti Alexis aisikie. Na kama hukai Kampemba, ipo nyumba kwenye njia yako pia, unaijua ni ipi. Nenda ukabishe hodi, uliza jina la mtoto, usiulize kingine. Usingoje nimalize kuongea. Nimemaliza. Inuka.